Safu ya Ukoo

Shemeji yangu alimwahidi dada yangu kwamba hatarudi kwao. Alimwahidi siku ya ndoa, Kondoa, sebuleni kwa mama, mbele ya sheikh na wajomba, kabla hata mahari haijatajwa. Mama ndiye aliyeidai ahadi hiyo. Alisema hakumlea binti yake aje aolewe na mgeni halafu abaki akitazama barabara. Shemeji akamjibu, "Mama, kwetu sasa hakuna serikali, hakuna shule, hakuna hata mtu wa kumlalamikia. Nirudi kufanya nini?" Wajomba wakacheka, tukala pilau, mambo yakaishia hapo.

Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu asije akadhani sikujua uzito wake. Nilijua. Nilikuwa nimekaa palepale, sahani ya pilau mapajani.

Shemeji alikuwa Msomali. Ujanani alisomea mifugo Mpwapwa, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili chake cha darasani kisichokuwa na tusi hata moja. Akarudi kwao akawa bwana mifugo wa wilaya. Serikali yao ilipoanguka na watu wakaanza kuuana, alikimbilia mahali pekee alipopajua nje ya nchi yake. Akafungua duka la dawa za mifugo Dodoma mjini, karibu na soko. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa watu binafsi. Majosho ya serikali yalikuwa yamekauka, mabwana mifugo wetu wamepunguzwa kazini, na mfugaji aliyezoea kuogeshewa ng'ombe na serikali alijikuta ananunua dawa kwa mtu binafsi. Watu binafsi wengi walitukanwa sana miaka ile. Shemeji hakutukanwa, kwa sababu alipanda baiskeli akaenda kumwona ng'ombe mwenyewe kabla hajamuuzia mtu chupa.

Tuliishi mtaa wa Makole, hapohapo Dodoma, wao nyumba kubwa na mimi chumba cha uani. Nilikuwa mpiga chapa ofisi ya mkoa, na sitajisifu kwa uongo: nilikuwa hodari kuliko wote, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko uhodari. Bosi akirudia jambo mara mbili, mimi nalifuta moja. Akipanga mambo ovyo, nayapanga upya. Hakuna aliyewahi kunirudishia barua. Kwa kuwa hakuna aliyelalamika, nikaamini kwamba mkoa mzima unasimama kwa vidole vyangu kumi.

Baada ya magharibi shemeji alisikiliza redio ya Kisomali, kisha akamtafsiria dada aliyosikia huku dada akipepeta mchele. Leo mkutano umefanyika nchi fulani. Leo mkutano umevunjika. Wababe wa vita wamepelekwa kwa ndege kwenye hoteli nzuri, wamekula, wamesaini, wamerudi, wamepigana. Dada alikuwa anacheka na kusema, "Hao wanagombania kiti cha nyumba iliyokwisha kuungua." Shemeji hakucheka. Alisema nchi yao haitajengwa tena kuanzia juu. Alisema itajengwa kuanzia kisimani: watu wa kisima kimoja waelewane, kisha visima vya wilaya, kisha wilaya za mkoa, na mikoa ikishasimama kila mmoja kwa miguu yake, ndipo iulizane kama inataka rais, na rais huyo awe wa kazi gani.

Nilimkatiza. Mimi nilikuwa nimeanza kazi siku za Madaraka Mikoani, nikamwambia, "Shemeji, sisi hayo tumeyaona. Walisema wanatuletea madaraka. Walichotuletea ni mabosi. Halmashauri zikafutwa, mtu wa kijijini akiomba bomba barua inakuja kwetu, sisi tunaipeleka Dar es Salaam, inakaa huko mpaka bomba linaota kutu kabla halijanunuliwa."

Aliniangalia kama mtu aliyepata kitabu alichokitafuta. Tangu siku hiyo akaniuliza maswali kila jioni. Nani alikuwa anamwajibisha nani? Ushuru wa mnada ulibaki wapi? Halmashauri ziliporudishwa, nani aliamua mipaka? Aliandika majibu yangu kwenye daftari. Sikuelewa ni ya nini, ila nilifurahi. Si kila siku mpiga chapa anaulizwa namna ya kuendesha nchi.

Baadaye ikajulikana. Wazee wa mkoa wake, huko bara mbali na pwani, walikuwa wamechoka kuzika. Koo zote zilizokuwa zikiuana kwa ajili ya malisho na visima zilikubaliana kuunda baraza la mkoa, na walimtaka shemeji awaandikie waraka wake. Walimchagua kwa sababu baba yake ni wa ukoo mmoja na mama yake wa ukoo wa pili, na kwa sababu alikuwa Dodoma, mbali, hana mbuzi hata mmoja wa kumfanya apendelee upande. Kila ukoo ulimpelekea barua yake ya siri yenye alama za dole gumba za wazee, ikisema unakubali viti vingapi na nani atavikalia. Barua zilikuja mkononi mwa madereva wa malori. Yeye peke yake ndiye aliyeziona zote.

Dada alimuuliza mara moja tu, "Hii haitakurudisha huko?" Akasema, "Karatasi ndiyo itakayokwenda. Mimi nabaki." Dada akaridhika. Na mimi nikajitolea kuichapa karatasi hiyo.

Niliichapa ofisini saa za mchana, wenzangu wanapokwenda kula. Ilikuwa kwa Kisomali, herufi kwa herufi, kutoka kwenye mwandiko wake. Herufi ya x kwenye mashine yangu haikuwa imewahi kuandika neno la maana. Tulikuwa tunaitumia kufutia makosa tu. Wasomali wanaitumia kila mahali. Jioni shemeji alinieleza nilichokichapa mchana: kifungu cha visima, kifungu cha njia za mifugo wakati wa ukame, kifungu cha kwamba ushuru wa soko la ngamia utabaki mkoani na sehemu ndogo tu itapelekwa juu siku ikipatikana serikali inayostahili kupelekewa. Nilikipenda hicho. Nilisema tungekuwa nacho na sisi.

Kurasa za mwisho zilikuwa orodha ya wajumbe. Safu tatu: namba, jina, ukoo.

Hapo ndipo nilipokwama. Sitaki kujitetea, lakini nataka mtu aelewe nilikotoka. Shuleni kwetu Kondoa mwalimu alimcharaza mtoto aliyemwita mwenzake kwa jina la kabila, na sote tuliona haki imetendeka. Fomu za serikali nilizochapa miaka yote zilikuwa na jina, umri, kijiji, kazi. Kumuuliza mtu kabila lake ofisini ilikuwa sawa na kumuuliza anavaa nini ndani. Hata sasa, mkiona naandika "sisi watu wa Kondoa" bila kuendelea, ni malezi hayohayo. Niliitazama ile safu ya tatu, jina la ukoo baada ya jina la ukoo, nikahisi aibu kwa niaba yao. Niliwaza: si hii ndiyo iliyowamaliza? Wanaandika waraka wa amani, halafu wanautia sumu ileile ukurasa wa mwisho.

Shemeji hakuwepo. Ng'ombe walikuwa wanakufa huko upande wa Mpwapwa na alikwenda kusaidia, akaniachia ukurasa wa saini ameshausaini. Dereva aliyekuwa apeleke bahasha mpaka Nairobi, na mwenzake aipokee huko, alikuwa anaondoka kesho yake asubuhi. Hapakuwa na wa kumuuliza. Lakini niseme kweli, hata angekuwepo nisingemuuliza. Sikuwa mtu wa kuuliza.

Nilichapa safu mbili. Namba na jina. Ilipendeza mno.

Shemeji aliporudi aliniuliza, "Imeondoka?" Nikamjibu, "Imeondoka, na nimeisafisha." Alidhani nasema makosa ya mwandiko. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jibu lilichukua karibu miezi mitatu. Nilikuwa dukani kwake siku lilipofika, nimepita kutoka kazini. Alilisoma amesimama. Alilisoma tena. Kisha akaniomba, kwa upole kabisa, kama nina nakala niliyobaki nayo. Nilikuwa nayo ofisini, nikairudia mbiombio, nikifikiri labda wanataka nyingine za kusambaza. Aliitandika juu ya meza kati ya chupa za dawa ya kupe, akaweka kidole pembeni mwa majina, mahali palipokuwa peupe.

"Shemeji," aliniuliza, "safu ya tatu iko wapi?"

Nikamwambia nimeiondoa. Nilimweleza kwa nini, na kwa dakika nzima bado nilikuwa naongea kama mtu anayestahili pongezi.

Hakunigombeza, na mpaka leo natamani angenigombeza. Alikaa juu ya ndoo, akasema, "Wewe umelelewa vizuri. Ndiyo shida yenyewe." Kisha akanieleza kilichotokea. Waraka ulisomwa mbele ya mamia ya watu kutoka kila kona ya mkoa. Vifungu vyote vikapita. Walipofika kwenye majina hakuna aliyeweza kujua kiti kipi ni cha nani. Wasomali wanaitwa jina lao, la baba na la babu, na majina hayo yanajirudia. Jina mojawapo lilikuwa la watu wawili, wa koo mbili zilizokuwa zimetoka kuuliana watoto. Wote wawili wakasimama. Kila mmoja akasema kiti ni chake. Mtu akapaza sauti kwamba mwandishi amekiuza kiti, ndiyo maana ameficha ukoo. Mkutano ukavunjika, na wazee waliweza kuwazuia watu wasitoe bunduki tena mpaka mwezi unaofuata tu.

"Nitachapa upya," nikasema. "Leo hii. Safu zote tatu."

"Utachapa," akasema. "Lakini nani ataiamini? Atakayeipeleka ni mtu wa ukoo fulani. Watasema ameibadilisha njiani. Aliyeandika ndiye anayesimama na kuonyesha barua zenye dole gumba, moja moja, mbele ya kila ukoo. Ndivyo ilivyo kwetu."

"Lakini kwa nini lazima ukoo, shemeji? Kwa nini msiwe watu tu?"

"Wewe ukiibiwa unakwenda wapi?"

"Polisi."

"Mimi nikiibiwa nakwenda kwa ukoo wangu. Nikiua mtu, ukoo wangu unalipa. Nikifa, unalisha watoto. Siku tukiwa na kituo cha polisi, tutaifuta safu hiyo wenyewe. Wewe umeifuta kabla kituo hakijajengwa."

Nilianza kulia pale dukani, mbele ya mfugaji mmoja aliyekuwa ameingia kuulizia dawa ya minyoo na akatoka kimyakimya. Shemeji akaniambia jambo moja ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Alisema, "Dada yako asijue kwamba ni wewe. Una dada mmoja tu. Miezi miwili nitakuwa nimerudi, tutamwambia sote wawili, atatupiga kwa mwiko, yataisha."

Jioni ile alimwambia dada kwamba wazee wamemwita.

Dada alikuwa anamwogesha mtoto mdogo kwenye beseni. Hakugeuka. "Na ahadi?"

"Naivunja."

"Wamekuita, au unataka kwenda?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nguo za mtoto mkononi. Shemeji angeweza kusema kweli kwa maneno matatu. Badala yake akasema, "Ni watu wangu." Dada akamtoa mtoto majini, akamfunga taulo, akampita mumewe kama anayepita mti. Tangu hapo mpaka siku ya safari alimpikia, alimfulia, hakumsemesha. Nilichapa orodha upya, safu tatu, na kwa mara ya kwanza kazini kwangu nilichafua karatasi nne.

Alikwenda asubuhi, kwa basi la Arusha. Dada hakumsindikiza. Nilimsindikiza mimi. Alibeba mkoba mmoja wa barua na shati la kubadili.

Barua moja ilikuja. Alisema wamekaa siku nyingi, orodha imesomwa, kila ukoo umeiona alama yake ya dole gumba, yule wa pili mwenye jina lile amepewa nafasi ya kusimamia visima na amekubali. Baraza limekaa. Watoto wameanza kufundishwa kwenye jengo lisilo na paa. Aliandika kwamba anatafuta lori la kumrudisha. Dada aliisoma, akaiweka chini ya godoro, akasema, "Amefurahi. Umeona? Amefurahi kuwa huko."

Haikuja nyingine. Niliwauliza madereva wote wa Kisomali niliowaona Dodoma. Mmoja alisema lori alilopanda shemeji lilizuiliwa kwenye kizuizi, mpakani mwa mkoa wao na mkoa wa jirani, ambao haukuwa na baraza. Mwingine alisema hapana, ni maji, mvua zilikata barabara. Wa tatu alisema alimwona mzima. Hakuna aliyekuwa na uhakika, na kila jibu nililipeleka nyumbani nikalieleza nusu.

Nilipaswa kusema. Miezi miwili ilipopita nilipaswa kusema. Mama alikuwa na msemo wake, mficha uchi hazai, na nilikuwa naujua vizuri. Lakini kila nilipofungua mdomo nilimkumbuka shemeji akisema dada asijue, nikajificha nyuma ya maneno yake. Nilikuwa nafanya heshima, nilijiambia. Huku dada akibadilika mbele ya macho yangu. Alitoa nguo za mumewe kwa mafundi ujenzi. Alifunga duka, dawa zikaharibika. Mtoto mkubwa alipouliza baba yuko wapi, alimwambia, "Baba yako alikuwa na watu wake. Sisi tulikuwa wapangaji." Nilimsikia akisema hivyo, nikaendelea kusonga ugali.

Siku hizi huko Somalia kuna mikoa iliyoungana ikawa na serikali zake, na redio inasema wanagawana viti vya bunge kwa koo, na wasomi wanabishana kama safu ile ifutwe au ibaki. Nawasikiliza na sithubutu kuwa na maoni. Sijui kama shemeji alikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba baraza moja dogo lilikaa kwa sababu alikwenda, na kwamba hakupaswa kwenda.

Mwaka wa tano mgane mmoja wa Kondoa, mwanamume mtaratibu anayeuza alizeti, alipeleka posa kwa mama. Dada hakuitaka wala hakuikataa. Sheikh wa msikiti wetu wa Dodoma alisema mume aliyepotea husubiriwa miaka minne, imeshapita, basi dada aje na shahidi mmoja wa nyumbani aeleze mume aliondokaje, kisha akae eda na awe huru. Shahidi nikawa mimi. Tulikaa kwenye mkeka chumba cha nyuma cha msikiti, saa nne asubuhi, dada kulia kwangu. Sheikh akamuuliza dada kwanza. Dada akasema kwa sauti kavu, "Alituacha. Alichagua ukoo wake."

Kisha sheikh akanigeukia. "Nawe shahidi, unalijua hilo kuwa ni kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Nilishaoga, nikatawadha, nikatembea kutoka Makole mpaka pale nikiwa na ndiyo hiyo mdomoni. Ikakataa kutoka. Nikasema, "Hapana. Si kweli." Nikaeleza yote: safu tatu, safu mbili, bahasha, duka, maneno yake juu ya ndoo. Nilieleza nikimtazama sheikh, kwa sababu upande wa kulia sikuweza kutazama.

Nilipomaliza dada aliinuka, akakaza kanga yake, akatoka. Posa ile haikuzungumzwa tena. Nilimfuata mbali kidogo njia nzima, yeye hakugeuka. Nilipofika nyumbani nilimkuta chumbani, godoro ameliinua ukutani, ile barua moja mkononi.

"Miaka mitano," akasema. "Miaka mitano namlaani kila sala. Namwomba Mungu asimpe raha huko aliko. Na yeye alikwenda kwa kukusitiri wewe."

Nikapiga magoti. Nikaanza kuomba radhi.

"Nyamaza," akasema. "Hujaniacha hata nimlilie. Toka, nimlilie mume wangu."

Nikatoka, nikafunga mlango. Watoto walikuwa uani wananitazama, na kilio kilipoanza, yule mkubwa akaniuliza nani amekufa.